Amri Niliyoizoea

Kule Butembo ninafundisha informatique, elimu ya kompyuta, na kwa miaka mingi sifa yangu yote ilisimama juu ya mstari mmoja wa amri. Ukitaka programu iingie kwenye kompyuta, unaandika amri ile, unakunja mikono, inaingia. Wanafunzi waliinakili kwenye madaftari kwa heshima. Mimi nilikohoa kidogo, kama daktari aliyetoka kupasua mtu.

Mke wa mchungaji mmoja wa Mulekera, huko Beni, akaniita niweke programu ya kuandika nota kwenye kompyuta mpya ya kwaya. Nilifika nimevaa koti, pamoja na joto lote lile. Waimbaji wakanizunguka. Nikaandika amri yangu. Mashine ikajibu kwamba chombo cha kuingizia programu kinachoitwa na amri hiyo kimeondolewa, nitumie kingine kilichochukua nafasi yake.

"Inasema nini, mwalimu?" mama mchungaji akauliza.

"Iko mupya, mama. Haiyazoea kazi."

Nikatoa chombo cha zamani kwenye kifaa changu cha USB, nikakilazimisha kuingia. Kikaanza kazi vizuri, nami nikakohoa. Katikati, courant, yaani umeme, ikakatika. Iliporudi, kioo kilibaki cheusi: nusu ya programu ilikuwa imeingia na kuvuruga vingine vyote.

"Mais, lakini asubuhi ilikuwa inatembea muzuri," mama akasema kwa upole. Upole ule uliniumiza kuliko matusi.

Nikavua koti. Mchana kutwa nilitengeneza upya mashine yote, kisha nikatii: nikatumia chombo kipya. Courant ikakatika tena, katikati tena! Nikafumba macho. Ilipowaka, chombo kile kilitupa kazi iliyokatika, kikarudisha kompyuta ilivyokuwa, kikaanza upya bila kelele. Ndipo nikaelewa kwamba mafundi wa mbali hawakubadilisha mambo ili kunidharau. Chombo changu kiliandikwa na watu waliodhani courant haikatiki.

"Sasa ile ya zamani uliipendea nini?" mama akauliza.

"Juu niliijua, mama."

Waimbaji wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sauti ndogo kuliko yao. Jioni nota zikatokea kwenye kioo, wakaimba, wakanipa chakula, sombe ya majani ya muhogo na fufu.

Niliporudi Butembo, niliwaambia wanafunzi wafute amri ya zamani kwenye madaftari.

"Na hii mupya, mwalimu, nayo mafundi batabadilisha?" mmoja akauliza.

"Batabadilisha," nikasema, nikageukia ubao kabla hajauliza lini.