Rojo la Nanasi

Ilianza Jumapili ya pili ya Ramadhani, mwaka wa hamsini na tano, saa nne asubuhi, kwa harufu ya nanasi likichemka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Diani, nami siku za wageni nilimsaidia kuosha vyombo. Paja la mwanakondoo lilikuwa tayari ndani ya jiko la chuma, mafuta yakichirizika na kulia. Juu yake lingepakwa rojo la nanasi na sukari mpaka ling'ae. Baba akachota sukari vikombe viwili, akakoroga. Wapishi wengine huonja kwa ncha ya ulimi wakatema, na swaumu haiharibiki, lakini baba hakutaka. "Mpishi aliyefunga huonja kwa pua," alisema akicheka, akatoka kufuata kuni.

Mimi sikuwa nimefunga. Nilikuwa mwezini, na aliyejua ni mama tu. Nikalamba mwiko. Chumvi! Memsabu, mke wa yule Mzungu, alikuwa amejaza chumvi katika mkebe wa sukari. Baba aliporudi nilifungua kinywa, nikakifumba. Nikisema nimeonja, ataniuliza mbona nala mchana wa Ramadhani. Nami nitamjibu nini, baba yangu mzazi? Nikainamia sahani zangu. Akalipaka lile paja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Saa saba Bwana aliingia jikoni na sinia mkononi. "Wewe nataka ua wageni yangu?" Akalivurumisha paja, likampata baba kifuani, rojo la moto likamgandia shingoni. Kabla hajalipangusa, Bwana alishika chuma cha kuchokolea moto, akampiga nacho mdomoni, begani, na mgongoni alipoanguka. Jino liliruka likagonga sufuria. Baba alitema damu, akatema tena, akatema tena. Hakutaka kumeza hata tone, swaumu isivunjike. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa changu cha vyombo.

Mficha uchi hazai, husema mama. Leo nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari, na sauti bado hunikwama mbele za watu. Zamani hali hiyo niliiita haya. Siku hizi najua kwamba siku ile ulikuwa woga.

Asubuhi iliyofuata kipigo kile, baba alikuwa amekaa mkekani, uso umevimba. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu," akajibu kwa taabu. Nikaketi mbele yake na kikombe cha uji, nikanywa huku akinitazama, mpaka kikaisha. Kisha nikamwambia, "Rojo lile, baba, mimi nililionja."