Nilimwambia ni Pampu

Nilimdanganya mdogo wangu kuhusu koili ya gari, na uongo ule ukamuua. Ndiyo, mimi! Ifakara nzima inajua aliuawa na mto. Ninyi mnaosoma hapa ndio wa kwanza kusikia mengine.

Jina langu sitalitaja. Yeye nitamwita Longino, ingawa silo lake.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na duka la spea karibu na stendi. Mwanamke peke yangu katika biashara ile. Mwanzoni wanaume waliingia, wakaniona, wakauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikajifunza. Nikajua beringi, plagi na mikanda, mpaka wakaanza kuniita Mama Spea na kuniuliza mimi kabla ya kwenda kwa fundi. Jamani, sifa ni tamu! Tangu hapo nikawa siwezi tena kusema "sijui" mbele ya mteja.

Longino aliishi Namawala. Alilima mpunga, akabeba mizigo na abiria kwa Landrova kuukuu ya petroli. Kilichomsumbua ni platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana ili plagi zitoe cheche. Kila safari lazima azisugue kwa msasa. Basi jamaa yake mmoja akamletea kutoka Dar kiboksi cha elektroniki, kinachofanya kazi ya platini bila vyuma kugusana. Akaja nacho dukani amekikumbatia kama mtoto mchanga.

"Dada, leo naziaga platini! Ila fundi anasema koili yangu imechoka, inavuja. Nipe inayopatana na hiki."

Nilikuwa na koili aina moja tu, kile kikopo kinachokuza umeme wa betri ili plagi zipate cheche. Kama inapatana na kiboksi kile, sikujua. Kusema kweli hata sikujua kwamba koili zinatofautiana! Mimi naona vikopo vilevile tu. Lakini dukani palikuwa na watu.

"Hii hapa," nikasema. "Ndiyo yenyewe."

Mwanzoni gari liliimba. Linawaka kwa mguso mmoja, linapanda bila kukohoa. Kisha siku moja akaja amekunja uso. Gari likishapata joto linazimika ghafla, kama mtu kazima taa. Akikaa kando ya njia mpaka lipoe, linawaka tena kama halijawahi kuumwa.

"Haiwezi kuwa koili, dada?"

"Koili mpya hiyo! Pampu yako ya petroli imechoka. Badilisha pampu."

"Lakini pampu..."

"Longino! Nani anauza spea hapa, mimi au wewe?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Masikini mdogo wangu, alicheka.

Baadaye akapita dereva mmoja wa mashamba ya miwa kule Kidatu, anataka koili. Nikampa ya aina ileile. Akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Hii inataka rezista nje, mama, ya kupunguza umeme. Ukiifunga hivihivi inavuta umeme mwingi mno. Kwenye platini itaunguza platini tu, lakini kwenye elektroniki inachemsha kiboksi. Gari linazimika likipata joto, likipoa linawaka. Na kuna siku haliwaki tena."

Yule mtu alikuwa ameueleza ugonjwa wa gari la Longino bila kuliona!

Mnadhani nilitoka mbio kwenda Namawala? Wapi! Niliagiza koili nyingine Morogoro. Nikajiambia, ikifika nitambadilishia kimyakimya, nimwambie nimempatia iliyo bora zaidi. Heshima yangu ibaki palepale.

Koili haijafika, Longino akafika. Gari limejaa magunia na abiria, mkewe Adelina kakaa mbele. Mvua ilikuwa haijapumzika siku nyingi. Milima ya Udzungwa haikuonekana kabisa, ni weusi mtupu umekaa kule juu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wapi na mvua hii?"

"Mlimba. Wanasema bado kunapitika." Akasogea kaunta, akapunguza sauti. "Dada, una uhakika siyo koili? Ile ya zamani ninayo chini ya kiti, pamoja na platini zangu; imechoka, ila haikuwahi kunizimia njiani. Naweza kuvirudishia sasa hivi hapo nje."

Ee Mungu wangu! Uhai wake ulikuwa chini ya kiti, unangoja neno langu moja! Nyuma yake, kwenye benchi, walikaa wanaume wawili, mmoja ni katika wale waliokuwa wakiniuliza mwenyewe yuko wapi. Wote wananitazama mimi.

"Nimeshakwambia ni pampu."

"Haya, dada. Nikirudi utanipa mpya."

Akaondoka. Nilisimama kaunta nikiisikiliza ile injini mpaka mvua ikaimeza.

Mto wenyewe uko kabla ya Mlimba. Siku zile haukuwa na daraja, magari yalipita juu ya mawe. Maji yalikuwa ya magotini tu, Landrova ile ilishayavuka hayo mara nyingi. Katikati, injini ikakata. Adelina ndiye aliyenisimulia. Longino aliwashusha wote, wakashikana mikono, wakavuka kwa miguu. Yeye akabaki, akafungua boneti.

"Baba, njoo huku!" Adelina akamwita.

"Msihangaike! Likipoa litawaka. Nalijua hili."

Akasubiri lipoe. Amesimama mtoni, anasubiri lipoe!

Wakasikia mngurumo. Adelina alidhani ni treni, maana reli iko karibu. Haukuwa wa treni. Yalikuja maji mekundu na magogo yake kutoka mlimani, yakaliinua gari, yakalilaza ubavu. Alipotazama tena, mumewe hayupo.

Tulimpata kwenye matete, mbali kule chini. Tulimkuta katika hali gani, sitasema.

Msibani kila mtu alisema maji yaliingia kwenye distribyuta. Hakuna aliyeuliza juu ya koili. Kisha Adelina akapaza sauti mbele ya waombolezaji: "Wifi yangu alimwambia abadilishe pampu! Hakusikia! Angemsikiliza dada yake leo tungekuwa naye!"

Wanawake wakatikisa vichwa, wakausikitikia ubishi wa marehemu. Nami niliinamisha kichwa, nikawaacha waamini. Nimemuua, halafu nikamtwisha na lawama!

Duka nililifunga. Koili ya Morogoro ilipofika niliitupa chooni. Adelina nilimchukua, tunaishi wote mpaka leo. Ananipikia, ananifulia, nikiumwa anakesha kitandani kwangu. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie! Ananiwahi: "Usilie wifi, wewe ulimwonya."

Nakuomba wewe fundi, wewe muuza duka, wewe nesi, wewe yeyote ambaye watu wanakuuliza na kukuamini: kama hujui, sema hujui. Na kama umeshadanganya, mfuate huyo mtu leo, umwambie hata mbele ya benchi zima, wacheke mpaka wachoke. Watacheka, watakwenda kwao. Mimi kila asubuhi naamkiwa kwa heshima na mjane, na aliyemfanya mjane ni mimi.