Miti Ishirini na Tisa ya Fundi Saa

Mwaka wa saba wa vita nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nachapa barua katika ofisi moja mjini na nimepanga chumba mtaa wa Buyenzi, ukuta mmoja na nyumba ya fundi saa. Alikuwa mzee wa asili ya Omani, mzaliwa wa hapohapo Buyenzi, na uani kwake, juu ya mbao tatu, kulikuwa na miti ishirini na tisa isiyonifika gotini. Bonsai. Mivumu, mikwaju, mikomamanga, bugenvilia mbili, kila mmoja katika chungu kifupi kama sahani. Mvumu mkubwa kuliko yote aliuotesha mwaka aliooa, na shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu. Kazi hiyo alijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa chenye picha, akaifanya kwa vibano vilevile vya kushikia vipuri vya saa.

Jumamosi moja akanigongea ukuta. Nilimkuta amekaa mbele ya miti yake na karatasi ya hospitali mkononi.

"Daktari anasema moyo wangu umechoka," akaniambia. "We uko na mashine ya kuandika. Kaa hapa."

"Ni wasia, Mzee?"

"Wasia ya nyumba iko tayari. Watoto watagawana kwa sheria ya dini, mi sina neno. Shida ni hawa." Akaonyesha mbao. "Mi nikikufa, watu watakaa matanga siku tatu. Nani atakumbuka kuwapa maji? Siku tatu za kiangazi, yote imekwisha."

Watoto wake walikuwa Maskati na Ubelgiji. Wote wawili walishamwambia kwa simu wapigiwe picha ya miti, inatosha. Mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi, aliiita miti hiyo wake wenza, na alikuwa ameapa kwamba hatawanywesha maji wake wenza wajane.

Nilianza siku hiyohiyo. Kila jioni nikitoka kazini nilikwenda uani na daftari, yeye akisema, mimi nikiandika: huu ulikatwa mizizi lini, huu haupendi jua la saa nane, huu ukimwaga majani usiogope. Nilichapa karatasi moja kwa kila mti. Kufikia mti wa kumi nilikuwa siwezi kukaa ofisini bila kutazama saa. Sijui niliambukizwa vipi. Nilijikuta ndani ya basi nakata matawi ya miti ya barabarani kwa macho.

Warithi aliwachagua mwenyewe, wawili zaidi yangu. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa Musaga, mama mkimya aliyeleta saa yake kutengenezwa akaishia kukaa saa nzima mbele ya mkwaju. Wa pili alikuwa mfinyanzi wa Carama, aliyemtengenezea Mzee vyungu. Miaka ile vita vilikuwa vimeitenga mitaa kwa makabila, na mtu wa Musaga na mtu wa upande wa Carama hawakuwa na sababu ya kukaa benchi moja. Jumapili ya kwanza walikaa, kila mtu mwisho wake, mimi katikati. Jumapili ya tatu walikuwa wanabishana juu ya mchanga wa Ruziba, kama ni laini mno kwa mizizi, na nilikuwa nimesukumwa mpaka ukutani.

Ndipo Mzee alipotoa wazo lake.

"Kuanzia kesho nimekufa," alisema. "Wiki nzima. Nitakaa ndani, nitawaangalia ku dirisha. Sitasema kitu."

"Astaghfirullah," Bibi alisema kutoka jikoni. "Mutu hachezi na kifo."

"Sichezi. Najaribu kama mashine inatembea."

Muuguzi alichukua likizo. Mfinyanzi alilala kwa binamu yake palepale Buyenzi, kwa sababu njia ya Carama ilikuwa inafungwa kila milio ya risasi ikisikika milimani. Siku ya kwanza tulimwagilia, tukageuza vyungu, tukasoma karatasi kama wanafunzi. Nyuma ya pazia tuliona pua ya marehemu. Siku ya pili nilishika mkasi mbele ya mkomamanga, nikachagua tawi.

Mlango ukafunguka.

"Apana. Apana. Si hilo."

"Mzee, wewe umekufa," nikamwambia.

Alisimama pale na kikoi chake, mkono hewani. Muuguzi ndiye aliyeanza kucheka, halafu mfinyanzi, halafu Bibi, ambaye ilibidi aweke sufuria chini. Mzee akarudi ndani, lakini kabla ya kufunga mlango alisema, "Lile la chini yake," na nikalikata lile la chini yake. Siku tano zilizobaki hakutoka.

Alikufa kweli mwezi wa saba, baada ya sala ya asubuhi, akiwa amekaa. Nililia mpaka nikakosa sauti. Kisha nikakumbuka kazi yangu, nikachukua ndoo, nikafungua bomba. Halikutoa hata tone. Mtaa mzima ulikuwa hauna maji.

Kufikia saa saba udongo ulikuwa umeanza kuachana na kingo za vyungu. Nilikwenda msikitini kumwomba imamu maji ya tangi la kutawadhia, mimi Mkristo, na kitambaa kichwani. Aliuliza miti mingapi. Nikamwambia. Akamwita mtu afungue tangi.

Nilirudi na ndoo mbili na birika moja la plastiki. Wanawake wa matangani waliponiona nainama mti mmoja mmoja, mmoja wao akainuka mkekani akachukua birika la nyumbani. Akafuata mwingine. Mwishoni walikuwa zaidi ya kumi, wenye mitandio, wakimimina taratibu kama nilivyowaonyesha. Muuguzi alipofika kutoka Musaga na dumu lake alikuta kazi imekwisha. Na Bibi mwenyewe, ambaye kama mjane hakutakiwa hata kusimama, aliomba aletewe mvumu mkubwa pale alipokaa. Akaunywesha kwa kikombe chake cha chai.

"Huyu anabaki na mimi," alisema.

Haikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Nikaiandika.

Baada ya siku tatu tuliigawa iliyobaki. Kumi ilikwenda Musaga, minane ilibaki kwangu, kumi ikapakiwa kwenye pikapu kwenda Carama, mimi nikiwa nyuma nimeikumbatia. Kwenye kizuizi askari mmoja alipanda tairi akachungulia.

"Hii ni nini?"

"Miti."

"Mbona midogo? Iko mingahi, miaka?"

Nikatafuta karatasi ya mkomamanga uliokuwa karibu naye. "Huu una thelathini na mmoja."

"Mi niko na ishirini na mbili," alisema, akawaita wenzake waje kuona. Walikuja wanne, bunduki mgongoni, wakaizunguka pikapu, wakiulizana kwa sauti ya chini kama unazaa matunda. Nikawaambia unazaa, makomamanga madogo kama gololi. Wakafungua njia, na yule wa kwanza akamwambia dereva aende polepole kwenye mashimo.

Kwa mfinyanzi, meza ya matofali ilikuwa tayari, chini ya kivuli cha nyasi alichokisuka mwenyewe. Watoto wa jirani walijaa getini. Tulipanga mirefu nyuma, mifupi mbele, tukasoma karatasi kwa sauti, moja baada ya nyingine, na mfinyanzi akaenda kuchota maji.