Miti ya Mtoni na Ubatizo wa Mama

Kwetu, upande wa Ikonge, kwenye vilima vya chai, kila shamba huteremka kama utepe: huanza barabarani, juu ya kilima, na kuishia mtoni. Kila familia ina kipande chake cha kijito, na analofanya jirani wa juu ya mkondo humfikia wa chini.

Mwishoni mwa miaka ya sitini jirani yetu wa juu alikata miti yote ya ukingoni akapanda kabichi mpaka majini. Nilikuwa na mazoea ya kupindua mawe ya kijito nione kinachoishi chini yake, hakuna aliyenifundisha. Mvua zilipopita, mawe ya kwake yalikuwa yamefunikwa na tope, na mchana maji yalikuwa vuguvugu. Kaa na samaki wadogo walitoweka. Kwetu, chini ya miti, majani yaliendelea kuanguka majini, vijidudu vikayala, na kaa wakabaki katika mashimo yao.

Kisha kaka yangu mkubwa, mzee wa kanisa la Wasabato, aliamua kukata miti yetu ili aongeze chai. Wapasuaji mbao wangekuja Jumapili. Nilimweleza kuhusu kaa.

"Kaa ni najisi," alinijibu. "Nilinde kitu ambacho hata kuliwa hakiliwi?"

Nilikuwa na hofu. Maji ya kunywa Mama aliyachota hapo hapo.

Jumamosi ya wiki hiyo Mama mwenyewe alikuwa abatizwe, katika kidimbwi cha kwa jirani ambacho kanisa lilikitumia tangu zamani. Hakuna aliyekwenda kukitazama kabla. Mchungaji aliingia, maji yakaishia magotini. Alimlaza Mama hivyo hivyo, na uso ukabaki nje. Akamsukuma tena. Mama aliibuka na tope mpaka masikioni.

"Mchungaji," alisema akijifuta macho, "mimi nilikuja unioshe."

Waimbaji walishindwa kuendelea kwa kicheko. Kaka, aliyekuwa amemshika Mama mkono, hakucheka. Alisema tushuke kwetu.

Chini ya miti maji yalimfika Mchungaji kiunoni, ya baridi, na mchanga ulionekana hadi chini. Mama alizama mara moja akatoka safi, akitetemeka. Watu walipoondoka, Kaka alibaki amesimama majini, akitazama juu kwa jirani, kisha kwetu.

Jumapili wapasuaji walifika na msumeno. Kaka aliwapokea barabarani akawaonyesha mikalitusi ya mpakani.

"Si ulisema ya mtoni?" mmoja aliuliza.

"Nilisema. Leo nasema hii."

Chai yake aliikomesha katikati ya mteremko, na chini yake akapanda nyasi za ng'ombe zishike udongo. Asubuhi ile ya Jumapili nilishika upande mmoja wa msumeno, nikawasaidia kuangusha mkalitusi wa kwanza, na kazi ile nzito niliiona nyepesi.