Asilimia Mia Ukutani

Juzi nilipitia Goma, maana mimi sikai mahali, na miguu ikanifikisha mtaa wa Mabanga. Vijana walikuwa wanashangilia matokeo ya egzamen ya Leta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, wamemwagiana poda nyeupe kichwani hadi nyusi zao zikawa kama za wazee. Kwenye ukuta wa shule yangu ya zamani wamepaka upya maneno yaleyale ya kutamba kwamba waliofanya wote wamefaulu: "Asilimia mia." Nikasimama kuyatazama, rafiki yangu, na ule wasiwasi wa zamani ukanirudia.

Enzi zetu shule ilikuwa ya mbao na mabati. Mvua ikinyesha, mwalimu wa hesabu aliacha kusema, akaandika tu ubaoni, na harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa nje ikatujia. Mwaka wa kwanza tulibanana wanne kwenye benchi moja: watoto wa wachuuzi wa Birere, wa Butembo, na wale waliokimbia vita Rutshuru na Masisi. Mwenzangu wa benchi alikuwa msichana wa Kalengera, kule Rutshuru. Hesabu zilizonitoa jasho, yeye alizimaliza kabla mwalimu hajaweka chaki chini.

Tulipofika mwaka wa tano, prefe, mkuu wetu wa shule, aliingia na karatasi. "Benye walikimbia vita, musimame. Mutaandikwa kwa musaada." Msichana akasimama. Mimi nilizaliwa Birere, humuhumu Goma, Kalengera sijawahi kulala hata siku moja, lakini nilitaka madaftari mapya. Nikasimama pia.

"Weye pia?" akaninong'oneza. "Kalengera nyumba yenu iko wapi?"

"Karibu na yenu."

Akacheka hadi prefe akageuka.

Nyumbani bibi yangu alikuwa anachambua maharagwe. Yeye hakucheka. "Musaada gani unaanza na kuuliza mutu anatoka wapi? Kesho uende wafute jina lako." Sikwenda.

Madaftari hayakuja. Mwaka wa sita, orodha ya watakaofanya egzamen kwa jina la shule ilibandikwa, na sisi tuliosimama siku ile hatukuwemo hata mmoja. Tuliambiwa tujiandikishe kituo kingine kama autodidakte, yaani watu waliojisomesha wenyewe. Prefe alieleza kwamba waliokimbia walikatishwa masomo mara nyingi, wangeiangusha shule. Nikamfuata ofisini, nikakiri kwamba mimi ni wa Birere.

Akaitoa karatasi ile kwenye droo, akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Mutoto, nani alikusimamisha?"

Kwa hasira nilipanda lori la makaa, na tangu hapo sijakaa tena darasani. Msichana alikwenda kwenye kituo kile, akapata alama nyingi kuliko wote waliofanyia kwetu. Shuleni hakuna aliyemwita kushangilia. Bibi ndiye aliyemwita uani kwetu, na kwa kukosa poda akammwagia unga wa muhogo. Wiki hiyohiyo maneno ya ukutani yalipakwa kwa mara ya kwanza.

Basi juzi nikamuuliza kijana mmoja mwenye poda, "Mwaka wa kwanza mulikuwa wengi?"

"Papa, weye ni inspekteri?" Wenzake wakacheka. "Tulijaa hadi mulangoni."

"Na wengine?"

"Benye walitoka Rutshuru? Hao walipelekwa autodidakte." Akapangusa poda, akaondoka.

Nikachungulia dirishani. Mbao zimeondoka, siku hizi ni matofali. Mwenye sambaza hayupo. Bibi alishafariki, na msichana sijui aliko. Ni karatasi ya prefe tu ambayo, nadhani, bado iko kwenye droo ileile.