Kijiti cha Mwendo

Bwana Mhariri, naomba jina langu lisionekane, wala ofisi yangu.

Nina miaka ishirini na miwili. Ni karani mdogo wa serikali hapa Kisii, bado niko katika majaribio, na kwetu ni upande wa Nyamarambe. Nilisoma kwa wamisheni, nako nikajifunza kupiga kinanda cha kanisa. Sina mke, na mjini sina rafiki. Makarani wenzangu Jumamosi huenda kutazama mpira. Mimi huenda nyumbani kwa karani mkuu wetu kusikiliza santuri.

Karani mkuu ni Mgoa, mzee, mjane. Marehemu mkewe alikuwa akipiga piano. Ile piano bado iko sebuleni, lakini unyevu wa huku umeiharibu na haiguswi tena. Mzee alinichagua mimi nishike gramafoni yake kwa sababu, asema, vidole vyangu ni vyepesi. Natia ufunguo, nabadilisha sindano, nageuza sahani. Wasikilizaji ni watatu: yeye, daktari mmoja wa Kihindi ambaye ni rafiki yake wa miaka mingi, na mzee Mwislamu mwenye duka la nguo, ambaye husema wazi kwamba anafuata chai. Mimi husimama. Hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje.

Mwezi uliopita ilifika kwa posta sonata ambayo marehemu alikuwa akiipenda, wimbo mrefu wa piano usio na maneno, safari hii umepigwa na fundi mkubwa wa Ulaya ambaye hapa hakuna aliyewahi kumsikia. Nilifika mapema kufuta vumbi. Mzee alikuwa bado anaoga. Niliweka sahani ya sehemu ya pili, ile ya polepole, nikasukuma kijiti cha mwendo, kile cha kuongeza na kupunguza kasi ya sahani, upande wa taratibu ili niweze kufuata mkono wa kushoto na kuujaribu kwenye kinanda Jumapili. Mwendo ukipungua, sauti nayo hushuka. Ghafla nikamsikia babu yangu. Babu alikuwa akipiga obokano, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane, na sauti yake ilikuwa hivyo hivyo, nzito, kama inayotoka ardhini. Nilisimama pale nikitokwa na machozi. Nikasikia hatua za Mzee, nikainua sindano haraka. Kijiti nikakisahau.

Wageni walipofika, mawingu yalikuwa yameshafunga. Mvua ya Kisii ikianza kupiga mabati, husikii kitu, kwa hiyo Mzee akasema tuanze na sehemu ya pili kabla haijanyesha. Nikatia ufunguo, nikaipiga.

"Huyu bwana amelala juu ya piano," daktari akasema. "Wagonjwa wangu mahututi wanapumua haraka kuliko hivi."

"Haraka ya nini?" Mzee akajibu. "Huyu ni mtu aliyefiwa. Msikilize."

"Na mbona sauti iko chini? Piano yake imenyeshewa?"

"Bwana Daktari, kumbe mvua yetu inafika mpaka Ulaya," mwenye duka akasema, na wote wawili wakacheka.

Mzee hakucheka. Alikuwa amefumba macho. "Marehemu aliipiga hivi hivi," akasema.

Hapo nilikitazama kijiti, nikaelewa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikainama kupanga sahani.

"Hapana, ndugu yangu," daktari akasema, sasa kwa upole. "Nilikuwa nikikaa kwenye kiti hiki hiki. Mkeo aliipiga kwa mwendo wa mtu anayetembea. Umemsahau."

Mzee akasimama. "Toka nyumbani kwangu."

Daktari alichukua kofia yake, akatoka, na mvua ikaanza kabla hajafika langoni. Santuri nyingine hatukuzisikia siku ile.

Tangu hapo hawasalimiani. Daktari akiwa na barua ya kuleta ofisini kwetu, humpa tarishi. Mwenye duka naye haji tena; asema chai imekuwa chungu. Tumebaki wawili. Kila Jumamosi Mzee husema, "Kijana, weka ile," naye hataki sahani nyingine. Nami kila mara, nikimpa mgongo, husukuma kijiti kule kule, kwa sababu naogopa. Mzee ndiye atakayeandika barua ya kunithibitisha kazini. Lakini nisiseme ni hilo tu. Naogopa pia ule uso wake wimbo ukiisha.

Nilikwenda nyumbani, mama akaniuliza, "Omwana one, mwanangu, mbona huli?" Nilitafuta maneno kwa lugha yetu ya kumweleza jambo hili, sikuyapata. Nikamwambia ni kazi nyingi.

Jumamosi iliyopita wimbo ulipokwisha, Mzee alinigeukia. Akasema, "Wewe una masikio. Waonaje, alipiga sawa?"

Nimesubiri swali hilo miaka miwili. Nikamjibu, "Alipiga sawa, Bwana." Na moyoni ndivyo ninavyoamini, kwamba wimbo ule umekusudiwa kwenda polepole. Lakini yule fundi hakuupiga hivyo, wala marehemu. Daktari alisema kweli akafukuzwa, na Mzee anamkumbuka mkewe kwa mwendo niliomtilia mimi.

Nikimwambia, nitamwondolea mkewe mara ya pili, na huenda nikarudi Nyamarambe kulima. Nikinyamaza, wazee wawili watazikwa wakiwa wamenuniana kwa kosa langu.

Gazeti hili Mzee hulisoma, na ukurasa huu huanza nao. Akifika hapa atanijua. Huenda ndiyo sababu nimeandika.

Wasomaji, nipeni shauri. Jumamosi ijayo akisema "weka ile", kijiti nikiache wapi?