Siku Walipomlilia Mama Yangu

Miguu yangu haikuwahi kujua kukaa. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa magari moshi na malori: Kasenga kufuata samaki, Kolwezi kuuza vitenge, Kalemie kufuata ndagala, dagaa wakavu, na kulitazama ziwa, ambalo halikuniingizia faida yoyote lakini ndilo nililolipenda kuliko biashara yenyewe. Kisha kikatokea kijiwe kwenye titi la kushoto. Munganga, daktari wa hospitali, akakipima, akakikata pamoja na titi lenyewe, akanipangia dawa ya kuingizwa mshipani kila baada ya wiki tatu. Ghafla safari yangu ndefu kuliko zote ikawa kutoka Kampemba, mtaa ninaopanga, hadi hospitali na kurudi, ndoo ndogo ya kutapikia ikiwa mapajani.

Mama yangu hakujua. Anaishi Kasungami, pembezoni mwa mji, analima mihogo na viazi. Dada yake mkubwa alipata ugonjwa huu huu, akapasuliwa, akafa, na mama hakuwahi kusema kwamba ugonjwa ndio uliomwua. Alisema ni kisu.

«Titi ya muntu habaikataki,» alizoea kusema. «Ukiikata, maisha inatokea pale pale.»

Nilimjua. Angesikia tu, angekuja kunichukua anipeleke Kasungami kwenye mizizi na maombi, na dawa zangu zilizobaki zingeendelea kunisubiri hospitalini. Nina zaidi ya miaka arobaini, nimebishana na maofisa wa forodha mipaka yote ya upande huu, lakini mama akisema «ingia mu gari», mimi naingia.

Kwa hiyo, kwa mama, nilikuwa Kalemie. Nilikuwa huko tangu mvua zilipokatika. Nilimpigia simu nikiwa chali kitandani, nikamweleza upepo wa asubuhi, wanawake wanaoanika ndagala mchangani, watu wanaolala juu ya mizigo kituoni wakingoja gari moshi ambalo hakuna ajuaye litafika lini. Kuhusu ziwa sikusema uongo hata kidogo. Uongo ulikuwa kwenye mwaka tu. Siku nyingine nilieleza vizuri mpaka kichefuchefu kikanisahau. Mama hakuvutwa na mandhari.

«Na ndagala njo utaleta lini?»

Nikanunua ndagala soko la Kampemba, nikampelekea kwa mtu wa pikipiki. Jioni simu ikalia.

«Ndagala ya Kalemie ya siku hizi iko na muchanga ya huku kwetu.»

«Ni safari, mama. Inashikaka vumbi mu njia.»

«Njia gani ile? Inapita mu soko?»

Baada ya dawa ya pili nywele zikaanza kung'oka. Asubuhi mto wangu ulionekana kama mahali aliponyonyolewa kuku. Katika lupango letu, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, kuna mpangaji mwenzangu, dada kijana anayesuka watu nywele mlangoni kwake. Yeye alijua ugonjwa wangu na alikuwa na mdomo uliofungwa, jambo la ajabu kwa msusi. Huniita yaya, dada mkubwa. Alinizunguka akinitazama kichwa.

«Yaya, sasa unafanana majani kisha mbuzi kupita. Nikate yote?»

«Kata.»

Alinikalisha kwenye kigoda katikati ya lupango, kwa sababu ilikuwa majira ya baridi na jua lilikuwa pale tu. Akaleta maji, sabuni na wembe. Hapo ndipo kosa lilipotokea, na sisi wawili hatukuliona. Kwetu, mwanamke akinyolewa kipara na mwanamke mwenzake, nje, mchana kweupe, hakuna anayefikiria hospitali. Maana yake ni moja: amefiwa.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, mama anayeuza munkoyo, togwa ya mahindi, aliona kupitia kwenye upenyo wa ukuta. Akatua ndoo yake, akashika kichwa, akaondoka kimya. Hakuuliza, kwa heshima. Aliyefiwa haulizwi maswali. Alikwenda kuwaambia wengine, nao wakatafuta maiti. Mume sina, yule niliyekuwa naye yuko Kolwezi na afya yake nzuri isiyo na aibu. Watoto sina. Basi ni nani? Mama wa Kasungami hajaonekana hapa tangu mvua. Maskini! Ni yeye.

Mimi nilikuwa nimeingia kulala. Niliamshwa na vilio, vya karibu sana, vya wanawake wengi, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nimekufa mimi. Nikajigusa. Kichwa kilikuwa baridi mno, jambo ambalo halikunitia moyo.

Nikatoka. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake walikuwa wamejifunga vitenge viunoni, mbabula mbili zilikuwa zinawaka makaa, mfuko wa unga ulikuwa umeegemezwa mlangoni kwangu. Nje, mtu alikuwa ameshaweka matawi ya miti barabarani ili magari yapunguze mwendo. Waliponiona na kipara kile, sauti zikapanda.

«Mayo wee! Muangalie mwana wa marehemu!»

«Nani amekufa?» nikauliza.

Mama wa munkoyo akawageukia wenzake. «Anauliza nani. Akili imeshamutoka.»

«Kama ni mama yangu, mama yangu ni muzima! Jana tu nilisema naye!»

«Ni vile, mutoto. Jana muntu iko, leo haiko.»

Nikaapa. Wakanikalisha kwenye mkeka. Nikatapika; wakasema ni uchungu wa mzazi, wakalia zaidi. Msusi alisimama mlangoni kwake na wembe wake, akinitazama ili nimwambie aseme nini. Neno moja lingetosha kuwarudisha wote makwao: dawa. Lakini neno likisemwa kwenye barabara yetu hufika Kasungami kabla pikipiki haijawaka. Nikamtikisia kichwa: nyamaza. Nilitaka kumpigia mama mwenyewe athibitishe kwamba anapumua, lakini ningemwambia nimeusikia wapi msiba wake, na mimi niko Kalemie? Basi nikaketi, nikajifuta mdomo, nikaanza kumlilia mama yangu pamoja na wengine. Machozi yalikuja vizuri tu. Nilikuwa na mengi ya kulilia.

Kisha akafika mtani. Kwetu mtani haji msibani kulia, huja kumcheza marehemu, awavunje watu mbavu, na hakuna wa kumzuia. Huyu alikuwa seremala wa nyumba ya tatu, ambaye kabila lake na letu hutaniana tangu zamani. Aliazima kitenge, akajifunga kifuani, akachukua mti wa ufagio akaufanya fimbo, akaanza kuchechemea kati ya mikeka kama mama kabisa.

«Weye! Kijiko ya pili ya sukari ni ya nani? Chai yako iko na mugonjwa ndani?»

Watu wakacheka na makamasi yao. Hata mimi nilicheka, nikiwa mfiwa.

«Na ule mukwe wa Kolwezi,» mtani akaendelea, «nilimupa kuku, akakula mpaka na jina ya kuku!»

Wakati huo huo pikipiki ilisimama nje. Mtu mmoja mwenye huruma alikuwa amemtuma Kasungami kijana wa pikipiki, awaarifu ndugu za marehemu. Kijana alimkuta bibi mmoja shambani, akamwambia alichoagizwa, hakuongeza wala kupunguza: kwa binti yako, kule Kampemba, kuna kilio. Mama akaelewa alivyoelewa. Alipanda pikipiki na jembe lake mkononi, akanililia njia yote mpaka kwangu.

Akaingia akipiga mayowe. Wanawake, kwa mazoea, wakampisha kwenye mkeka kabla hawajamtazama uso. Mtani yeye alikuwa amempa mgongo.

«Chumvi yangu nani amegusa?» alikuwa anasema, fimbo juu.

Mama akanyamaza. Akamwangalia.

«Miye sitembeakake vile,» akasema. «Na chumvi sijamunyima muntu. Sukari, ndiyo.»

Mtani aligeuka, fimbo ikamwanguka. Mama wa munkoyo aliruka mbabula nzima bila kuigusa. Wanaume waliokuwa wameketi ukutani walijikuta barabarani, kwenye matawi yao wenyewe. Mama hakuwajali. Alikuwa ameniona.

Alikuja polepole. Akanishika kipara kwa mikono miwili yenye udongo, akanishika mashavu, mabega, kisha mkono wake ukashuka upande wa kushoto, palipo bapa, ukatulia.

«Kalemie,» akasema.

«Mama, nilitaka...»

«Nyamaza. Unapata dawa?»

«Napata.»

«Inabakia?»

«Inabakia.»

Nilingoja aseme niingie garini. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kukataa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikuwa nayo. Mama akaketi kwenye mkeka, mzito, jembe mapajani.

«Mu njia nilishakuzika,» akasema. «Sanduku nilichagua. Mahali ya kuchimba nilishaona, chini ya muhogo ule mukubwa. Sasa ninakukuta uko unacheka na huyu mupumbafu wa mutani.» Akajipangusa pua. «Ule munganga wako hawezi kukufanya mubaya kupita ile nilikufanya miye juu ya pikipiki. Utaenda. Na miye nitaenda, nimuone mu macho.»

Kisha akawageukia waliokuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja, kwa aibu.

«Unga ni ya nani?»

«Ni ya... ya kilio, mama,» akasema mama wa munkoyo.

«Kilio yangu?»

«Ndiyo, mama.»

«Basi ipike. Marehemu iko na njaa.»

Tulikula bukari, ugali wa unga ule, na sombe ya majani ya mihogo mpaka jua likazama, na mtani alilazimishwa kumcheza mama upya, mama akimsahihisha kila hatua.

Siku ya dawa alikuwa amevaa viatu kabla sijaamka. Hospitalini muuguzi alimwambia abaki nje, wagonjwa tu ndio huingia. Munganga alipotokea mlangoni, mama alimtazama machoni kwa muda mrefu, kama anayenunua mbuzi, kisha akakubali kukaa kwenye korido. Mimi nikanyoosha mkono, sindano ikaingia, seramu ikaanza kudondoka.

Kupitia ukutani nikasikia sauti yake ikiwasimulia ndugu za wagonjwa wengine. Katika masimulizi yake waombolezaji walikuwa wameshajaza barabara mbili. Mama wa munkoyo alikuwa ameruka nyumba.

«Na sanduku je?» mtu akauliza.

«Sanduku ilikuwa muzuri,» mama akasema. «Nilikataa kuingia.»

«Usicheke, mama,» muuguzi akaniambia, akinikamata kiwiko. «Sindano itatoka.»